Kifundo Kilichounganishwa na Breki kwenye Barabara ya Mikumi

Kuunganisha kifundo cha mguu ni upasuaji wa kuondoa gegedu lililolika kati ya mfupa wa muundi na mfupa wa kifundo, kisha kuibana mifupa hiyo kwa skrubu au bamba la chuma mpaka iote kuwa mmoja. Wayo huachwa kwenye nyuzi 90 na muundi, ukielekea nje kidogo. Maumivu hupungua sana, na wengi hutembea vizuri. Kinachopotea ni mwendo wa kuinua na kushusha wayo, ambao dereva huutumia safari nzima.

Mwenye kifundo kizima huegemeza kisigino sakafuni na kukanyaga mafuta kwa kifundo peke yake. Kilichounganishwa hakikubali hivyo: goti na nyonga ndizo zinazousukuma mguu mzima, na viungo vidogo vya katikati ya wayo husaidia kidogo. Kwenye breki kazi ni kubwa zaidi, kwa kuwa mguu lazima unyanyuliwe wote, uhamishwe, ndipo ukanyage. Kiatu kipana kikinasa ukingo wa pedali, muda unazidi kupotea. Vipimo vilivyofanywa kwa waliounganishwa kifundo cha kulia vimeonyesha kwamba breki yao huchelewa kuliko ya watu wengine.

Kuchelewa huko kuna uzito wa pekee Mikumi, ambako barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani ya hifadhi ya wanyama kwa takriban kilomita 50. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, gari husogea karibu mita 2 katika kila sehemu moja ya kumi ya sekunde. Breki ikichelewa sehemu mbili tu, zimekwenda karibu mita 4 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Twiga au tembo akiingia barabarani jioni, mita hizo ndizo zinazoamua.

Upande uliopasuliwa hubadilisha hesabu. Mguu wa kushoto, katika gari la otomatiki, haugusi pedali yoyote, na dereva huweza kurudi mapema. Katika lori au basi la gia za mkono, klachi inaudai. Wa kulia ndio unaohitaji subira. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 na Egol na wenzake ulionyesha kuwa waliopasuliwa kwa kuvunjika kifundo cha kulia walirudia uwezo wa kawaida wa kufunga breki baada ya wiki 9. Kuunganisha kiungo huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi miezi 3 au zaidi, na picha ya eksirei ndiyo inayothibitisha kuwa mfupa umeshika. Kuendesha na plasta au kiatu cha kinga mguuni ni hatari isiyo na utetezi. Mgonjwa wa Kilosa, wilaya ilimo Mikumi, anayerudi kliniki Dar es Salaam ana treni ya reli ya kisasa (SGR), inayosimama hapo hapo Kilosa. Hana sababu ya kujaribu usukani mapema.

Ruhusa ya daktari ikipatikana, jaribio huanza gari likiwa limezimwa: mguu uhame kutoka mafuta hadi breki na kukanyaga kwa nguvu zote, mara nyingi mfululizo, bila maumivu wala kusita. Kisha uwanja mtupu, ndipo barabara tulivu mchana. Kiti kirudishwe nyuma kidogo ili muundi ulale na vidole vielekee juu. Muundi ukisimama wima, wayo usiokunjika haukai vizuri kwenye pedali. Soli iwe nyembamba. Anayemeza tramadol au dawa nyingine inayoleta usingizi asishike usukani hata kama mguu una nguvu.

Bodaboda ni suala jingine, kwa kuwa gia hubadilishwa kwa mguu wa kushoto na breki ya nyuma iko kulia. Hakuna upande ulio salama kabisa. Kifundo cha kushoto kisichokunjika hunyanyua gia kwa goti. Cha kulia humlazimu mwendeshaji kuinua mguu mzima kutoka kwenye kikanyagio, na kwenye vumbi la vijijini Kilosa, breki ya mbele pekee ikikamatwa ghafla, gurudumu huteleza.