Treni Isiyo na Uzito

Mchoro ni picha ya kitu, na mchezo wa kuigiza ni picha ya maisha. Reli ya mfano nayo, ile inayotandikwa juu ya meza, ni picha ya reli. Basi ni haki kuihakiki kama tunavyohakiki picha nyingine yoyote, yaani kuuliza ni wapi inasema kweli na ni wapi inadanganya. Swali hili lina maana zaidi sasa, kwa kuwa reli hiyo ndogo huunganishwa na kompyuta, na ni rahisi mwalimu kuiona kuwa zana kamili ya kumfundisha kijana jinsi treni zinavyoongozwa.

Kwetu Singida jambo hili haliko mbali. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912, inapita Manyoni na Itigi. Reli ya kisasa ya SGR, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Dodoma Julai 2024, imejengwa hadi Makutupora, ndani ya Wilaya ya Manyoni, na treni zake huongozwa kwa kompyuta na redio. Watoto wetu watapanda treni hizo, na baadhi yao wataziendesha. Namna tutakavyowaeleza kazi ya kompyuta ni jambo la usalama wa watu.

Nianze na mambo yenyewe yalivyo. Zamani reli ya mfano iliendeshwa kwa kuongeza na kupunguza umeme unaopita ndani ya reli. Injini zote zilizosimama juu ya reli hiyo zilikwenda pamoja na kusimama pamoja. Miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani kiliichukua kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kikaifanya kanuni ya kufuatwa na watengenezaji. Kwa kanuni hiyo umeme hubaki relini wakati wote, nao hubeba amri zenye namba. Kila injini ina kifaa kidogo tumboni, kiitwacho dekoda, ambacho hutii namba yake tu. Ni kama mwalimu anayeita jina moja katika daftari la mahudhurio badala ya kulipigia kelele darasa zima. Kompyuta huungwa kwa waya na kisanduku kinachotuma amri hizo, na programu ya kuifanyia kazi, kwa mfano ile iitwayo JMRI, hupatikana bure.

Sasa niseme sifa yake. Kompyuta yaweza kuiamuru injini namba 12 iende, lakini kwa kuamuru tu haijui kama imekwenda. Huenda injini imeanguka, huenda magurudumu yameshika uchafu. Ili ijue, reli hukatwa vipande visivyopitishiana umeme, na kila kipande huwekewa kifaa cha kutambua kwamba hapo pana kitu kinachotumia umeme. Kijana anayefunga nyaya hizo anajifunza kwa mikono yake kwamba kutoa amri na kupata habari ni kazi mbili. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na ndivyo reli ilivyoendeshwa tangu kale: kwenye njia moja, stesheni masta haruhusu treni kuondoka kabla ya kuuliza stesheni ya mbele kama njia ni nyeupe.

Hata hapo pana mtego wenye mafunzo. Behewa lisilo na taa wala mota halitumii umeme. Likikatika na kubaki nyuma, kompyuta husema kipande hicho ni kitupu, mpaka pale fundi atakapoyatia magurudumu yake kizuizi kidogo kinachopitisha umeme kiasi. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo hatasahau kwamba mashine huona kile tu ilichotengenezewa kukiona. Kwa somo hilo peke yake naipa reli ya mfano alama za juu.

Lakini picha hii ina uongo mmoja mkubwa, nao ni uzito. Kipimo kinachotumika sana ni cha 1 kwa 87. Urefu ukigawanywa kwa 87, na upana na kimo vivyo hivyo, uzito hugawanywa kwa 87 mara tatu, yaani kwa zaidi ya 658,000. Injini ya tani 100 ingekuwa na gramu 152 hivi. Ukiiamuru kitu hicho kisimame, husimama pale pale. Ili kionekane kama treni, mtumiaji huandika namba katika dekoda, namba moja ya kuchelewesha mwendo na nyingine ya kuchelewesha kusimama. Uzito wa treni umekuwa namba ya hiari, na asiyependa kungoja huandika sifuri. Hata Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001 na yenye treni zaidi ya 1,000 zinazoongozwa kwa kompyuta, haiwezi kuukwepa upungufu huo. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini hakuna tani hata moja inayomsukuma dereva kutoka nyuma.

Anayeijua njia ya kupanda kutoka Saranda kwenda Manyoni anajua mlima ni nini kwa treni. Na nchi nzima inakumbuka tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliposhindwa kushikwa na breki karibu na Igandu, ikarudi nyuma ikiteremka mpaka ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Siku ile swali halikuwa treni iko wapi. Lililokosekana ni nguvu ya kuizuia, na nguvu hiyo haipatikani kwa kuandika namba.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Reli ya mfano yenye kompyuta ni zana njema ya kufundisha habari na amri, nayo iingie darasani pale inapopatikana. Lakini anayeitumia asimwambie mtoto kwamba amekwisha kuijua reli. Baada ya somo la mezani, ampeleke kwenye mteremko, ampe baiskeli iliyofungwa gunia la alizeti, amwambie aiteremshe polepole kwa mguu huku akibana breki. Mikono yake itamweleza sehemu ya somo iliyobaki.