Robo ya Mzunguko

Katika garaji moja ya Birere, mtaa wa Goma, ambayo sakafu yake ni lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo Januari 2002 ikaganda papo hapo, nilimwona fundi akikataa kazi ya kulipwa. Mwenye lori alikuja na ombi ambalo mafundi wa Goma wamelizoea: gari linachoka mlimani, pampu iongezwe mazuti, yaani dizeli. Lilikuwa lori kuukuu la silinda sita, pampu yake chuma na springi tupu, bila kompyuta yoyote, nalo hushusha maharage na viazi kutoka Masisi. Fundi aliwasha injini, akakanyaga mara moja, akatazama wingu jeusi likipanda ukuta wa jirani.

"Papa," alisema, "gari hili halina njaa. Linakabwa."

Dereva wa gari la esanse, yaani petroli, anapoinua mguu, hewa na mafuta hupungua pamoja. Injini ya mazuti ya zamani haina mlango wa kuizuia hewa. Kila pistoni inaposhuka huvuta hewa yote inayoweza kuipata, na kinachoongezwa au kupunguzwa ni mazuti peke yake. Pampu ndiyo mpimaji. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hunyunyiziwa mara 1,000 katika dakika hiyo hiyo, na kila mara kipimo ni kiasi cha tone moja hivi, hata kanyagio likiwa limefika chini kabisa. Rudolf Diesel alipofanikiwa kuiendesha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, mafuta yalisukumwa ndani kwa hewa iliyoshindiliwa, mtambo mzito usiofaa kwa barabara. Kampuni ya Bosch ilipoanza mwaka 1927 kuunda pampu za kunyunyizia kwa wingi, injini hiyo ikapata chombo cha kuhesabu matone ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba kwapani.

Hesabu hiyo, hata hivyo, hufungwa kiwandani, mara nyingi kwa hewa ya nyanda za chini. Hapa Goma, pembezoni mwa Ziwa Kivu, tuko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Mombasa. Lori lililoteremshwa bandarini likapanda hadi kwetu hufika na kipimo kile kile cha mazuti, ilhali hewa ya kuyachoma imepungua. Yasiyopata hewa hutoka masizi. Dereva huhisi unyonge, hudhani ni njaa, humwomba fundi aongeze chakula. Akiongezewa, moshi unazidi, pistoni na vali zinapata joto lisilo lao, oili inaingiwa masizi na kuwa nzito kabla ya wakati wake. Nimeona pistoni iliyotolewa katika injini ya namna hiyo: kichwa chake kilikuwa kimeliwa ukingoni kama sabuni.

Fundi wa Birere hakuigusa pampu siku ile ya kwanza, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Alifungua chujio la hewa kwanza. Vumbi letu ni lava iliyosagwa na magurudumu, jeusi na kali, na lilikuwa limejaa katika kila mkunjo wa karatasi. Kisha akamwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la mazuti, kwa sababu mazuti ya Kadhafi, wauzaji wetu wa bidoni kando ya barabara, huja na lolote lililokuwamo katika bidoni kabla yake. Akasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Injini ikiwa katika ralanti, yaani ikizunguka bila kanyagio kuguswa, akalegeza nati za mirija ya nozeli, moja moja, akisikiliza. Ya kwanza, injini ikachechemea. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alipolegeza ya nne, mlio haukubadilika hata kidogo, maana silinda hiyo haikuwa na kazi ya kupoteza. Nozeli yake ilipofungwa kwenye kipimio cha mkono haikutoa ukungu. Ilitiririsha, kama bomba lililochakaa. Nozeli nzima hungoja shinikizo lipite baa 100, ikafunguka ghafla kwa sauti kavu, ikafumba. Alibadilisha ncha yake, akatutaka turudi kesho.

Wapo wanaoiita kazi hii kubahatisha, nami nakataa. Najua kuna mashine za kupimia pampu, zenye mirija ya vioo inayoonyesha mazuti ya kila silinda, na fundi huyu angefurahi kuwa nayo. Lakini mashine hiyo haijawahi kupanda mlima wa Mushaki na tani za viazi. Mtu anayejua hewa ya mahali, mzigo wa mahali na vumbi la mahali anapima pia.

Kesho yake ndipo skrubu ya mzigo kamili, inayoweka kikomo cha mazuti, ilipoguswa. Iko mgongoni mwa pampu, ndogo kuliko kidole. Kabla ya kulegeza nati yake alichora mstari kwa ncha ya msumari, kuanzia kwenye skrubu hadi kwenye mwili wa pampu, ili kurudi kusiwe kwa kukisia. Akaitoa nje robo ya mzunguko. Ralanti ikashuka papo hapo, injini ikatetemeka, kwani skrubu moja huivuta nyingine. Akaipandisha kwa skrubu ya pili, akairudia ya kwanza kwa upana wa njiti ya kiberiti. Tukaondoka kuelekea Sake. Katika mwinuko wa baada ya Sake, gia ya pili, kanyagio chini, alitoa kichwa dirishani akatazama nyuma. Alisimamisha gari mara mbili, akafungua, akagusa, akafunga. Nyuma yetu vijana walikuwa wakisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizojaa makala, vifua wazi, na hao ndio waliokuwa wakivuta kila tulichokitoa. Mara ya tatu moshi ulikuwa kivuli tu juu ya barabara, na lori likapanda bila kulalamika.

"Nguvu umeongeza?" mwenye lori aliuliza.

"Nimepunguza mazuti, Papa."

Akakaza nati kwa spana mbili, moja ikiishika skrubu isizunguke. Kisha akatoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu, akadondosha tone moja juu ya nati, akalipuliza mpaka likakauka.