Makabwela wa 1963: Maoni Juu ya Mchezo wa Kusikiliza na Istilahi Zake

Mchezo unaozungumzwa hapa ni Fanfare for the Common Men, ulioandikwa na Eddie Robson na kutolewa na kampuni ya Big Finish ya Uingereza mwaka 2013. Umo katika mfululizo wa Doctor Who, ulioanza katika televisheni ya BBC tarehe 23 Novemba 1963. Daktari, ambaye huzunguka katika zama mbalimbali, anampeleka mwenziwe Nyssa katika mwaka huo wa 1963 ili washuhudie jinsi vijana walivyopagawa na Beatles. Wanawakuta vijana wamepagawa kweli, lakini umati unalilia kundi jingine, Common Men. Beatles hawajulikani kabisa, historia imechezewa.

Msikilizaji haoni mavazi wala mitaa. Mwaka 1963 anautambua kwa sikio tu: kwa magitaa, kwa nyimbo zinazoiga sauti ya zama zile, na kwa maneno. Hapo ndipo penye uzuri wa kazi hii, na hapo ndipo linapozuka swali linalotuhusu: je, mchezo wa namna hii waweza kusimama kwa Kiswahili? Wako walimu na wafasiri wanaojibu upesi kwamba hauwezi, kwa kuwa istilahi zetu za sayansi hazitoshi. Naona wanatafuta upungufu mahali usipokuwapo.

Tuchukue jina. Mfasiri mwenye haraka ataandika "Watu wa Kawaida". Hakuna bendi iliyopata kujiita hivyo, wala haitatokea. Makabwela, hilo ni jina la bendi! Enzi za dansi zilitajirisha lugha bila kikao chochote kuitishwa. Neno mtindo lilipata maana ya alama ya bendi: Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz na Msondo, na baadaye Mlimani Park wakaja na Sikinde. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz miaka mingi kabla TUKI haijachapisha kamusi yake sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Ugumu wa kweli umo katika safari yenyewe. Kwa Kiswahili, wakati ndio unaosafiri. Twasema mwaka ujao na mwaka uliopita; sisi tumesimama kama abiria gatini, na mwaka ndio unaokuja na kuondoka. Ndiyo maana "usafiri wa kiwakati", tafsiri ya neno kwa neno, hukwaruza sikio. Lakini lugha hii hii ina miaka ya nyuma na siku za mbele, na mtu huweza kurudi nyuma. Mhusika akisema "turudi miaka ya nyuma, tushuke 1963", hapana msikilizaji atakayehitaji kamusi. Katama Mkangi alifanya kazi ya aina hiyo katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995: sayari ngeni aliipa jina lililotokana na "wale ni sisi", likaeleweka papo hapo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni maneno ya kawaida. Tuseme mchezo umehamishiwa kwetu, msafiri ameshuka Kigamboni mwaka 1963, naye anataka kuvuka kwenda mjini. Akitamka "Tanzania" atakuwa amejifichua, kwani jina hilo lilianza kutumika Oktoba 1964. Akiulizia Redio Tanzania hataelekezwa, maana wakati ule ilikuwapo Tanganyika Broadcasting Corporation. Mfukoni awe na shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Benki Kuu yetu ilianza kutoa fedha zake mwaka 1966. Akiulizia daraja atachekwa, lilifunguliwa 2016. Na asithubutu kusema runinga. Mwandishi ajihadhari pia na pantoni na kivuko. Maandishi ya serikali husema kivuko, abiria wa Kigamboni husema pantoni, na yote mawili ni Kiswahili. Lakini karani akisema kama abiria, na abiria kama karani, sikio litakataa, hata kama kila neno limo katika kamusi.

Mchezo wa Robson una dosari moja: asiyeijua historia ya Beatles hupoteza nusu ya mizaha. Dosari hiyo kwetu ingekuwa nzito zaidi. Kule hofu inatokana na kwamba hakuna anayeweza kuwasahau Beatles. Tukiweka mahali pao Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, ni vijana wangapi watakaoshtuka kusikia kwamba jina lake limefutika? Alifariki mwaka 1965. Kwa wengi wao kufutika huko si bunilizi ya kisayansi, ni hali waliyozaliwa wakaikuta. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili hana budi kuijaza sehemu ya kwanza ya mchezo na bendi zenyewe, mitindo yao na maneno ya wapenzi wao, kabla ya kumfuta yeyote.

Chombo cha Daktari, chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi, ningekiacha kiitwe kibanda tu.