Kupima Kazi ya Fundi wa Muziki katika Gari la Zamani

Kazi ya fundi wa muziki wa gari hupimwa kwanza kwa namna alivyokitafuta chanzo cha hitilafu. Redio iliyozima inaweza kuamka kwa kugongwa dashibodi, ikazima tena kwenye shimo la kwanza. Nandagala, wilayani Ruangwa, kama kwingineko kwenye barabara za udongo, mtikisiko hulegeza viungo vya waya, vumbi huingia kwenye spika, na unyevu wa majira ya mvua hutia kutu pale waya mweusi wa hasi unapofungwa kwenye bodi.

Fundi stadi huanzia kwenye betri. Mita isome takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 ikiwa inanguruma. Malori mengi ya Fuso yana volti 24, hivyo redio ya volti 12 huwekewa konvata. Anayechota umeme kwenye betri moja kati ya mbili huifanya hiyo ichoke na mwenzake ijazwe kupita kiasi. Fyuzi nayo husema mengi: iliyoungua ikirudishiwa ya ampea zilezile, kazi ni nzuri, ikizungushiwa waya au karatasi ya sigara, gari limewekwa kwenye hatari ya moto.

Kwa kawaida waya wa njano hubeba umeme wa kudumu unaotunza saa na stesheni, na mwekundu hupata umeme swichi inapofunguliwa. Redio inayosahau stesheni kila gari linapozimwa huwa na kasoro kwenye waya wa njano, au nyaya hizo mbili zimebadilishana nafasi. Anayetaka kubadili redio nzima kabla ya kupima hapo hajafanya uchunguzi.

Gari la zamani kutoka Japani lina tatizo lake. Redio yake mara nyingi hupokea megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za FM za Tanzania ziko kati ya 87.5 na 108. Dawa yake ni ekspanda, inayoshusha masafa: ikishusha kwa 14, stesheni ya 100 husomeka 86. Ekspanda nzuri hufungwa imara nyuma ya redio na kupewa umeme wake. Ikining'inia, mawimbi hukatika gari linaporuka.

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini huashiria umeme wa oltaneta. Antena huchomolewa kwanza. Mluzi ukitoweka, uliingilia hapo. Ukibaki, hukaguliwa waya mweusi na njia ya umeme. Mahali pa kufungia waya huo hukwanguliwa rangi na kutu hadi chuma king'ae.

Spika moja ikinyamaza, hufungwa kwenye nyaya za spika inayolia. Ikilia, spika ni nzima na ubovu uko kwenye redio au waya wa zamani. Spika nyingi za gari ni za omu 4, na mita husoma chini kidogo ya hapo. Isiposoma kitu, koili imekatika. Sauti ya kukwaruza hutoka kwenye koni iliyochanika au vumbi lililoingia kwenye koili. Besi iliyopotea ilhali spika zote zinalia humaanisha mara nyingi kwamba moja imefungwa kinyume. Betri ndogo ya volti 1.5 ikiguswa kidogo kwenye ncha zake, chanya kwa chanya, koni husukumwa nje.

Mwisho hukaguliwa viungo. Kilichochomelewa kwa risasi na kufunikwa vema hakichomoki kikivutwa taratibu, na nyaya hufungwa mbali na pedali na vyuma vyenye ncha kali. Kisha gari hupelekwa kwenye barabara mbovu, taa na waipa zikiwa zimewashwa, sauti ikiwa juu. Lilale usiku mzima, na asubuhi injini iwake bila kusuasua. Ikisuasua, huenda kuna kifaa kinachoendelea kunyonya betri na kazi haijaisha.