Cha Kubeba na Cha Kuacha

Anayeshuka kutoka Muhoroni kwenda Kisumu hupishana na matrekta ya miwa mpaka achoke kuyahesabu. Muhoroni kuna kiwanda cha sukari, Chemelil kipo kingine, na Miwani ndiko kilikoanzia kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya, mwaka 1922, ingawa mitambo yake imenyamaza siku nyingi. Vyote vimejengwa katikati ya mashamba, na si kwa kupenda mandhari ya bonde la Nyando. Tani 10 za miwa hutoa takriban tani 1 ya sukari. Zilizobaki ni maji na makapi. Tena muwa ukishakatwa hauna subira, utamu wake huanza kushuka. Kuupeleka Nairobi ukakamuliwe huko kungekuwa ni kuyalipia maji nauli.

Ukiingia mjini Kisumu, hesabu inapinduka. Hapo kuna kiwanda cha bia, na bia ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Nafaka inayoingia ni nyepesi kuliko kinachotoka, kwa hiyo anayejali pesa zake husafirisha nafaka na kuyatafuta maji karibu na mnywaji. Equator Bottlers, wanaojaza Coca-Cola mjini humo humo, hufuata njia ile ile: kiini cha soda hutoka mbali kikiwa kidogo, maji yakaongezwa papo hapo.

Kisha kuna mbuta, samaki ambaye Mtanzania humwita sangara. Yeye anashindana na saa. Akishatolewa ziwani huwekwa kwenye barafu na kukimbizwa kiwandani, huko hutolewa minofu, na minofu ikasafirishwa hadi meza za Ulaya. Haifiki nusu ya uzito wake. Mifupa inayobaki na kichwa chake, mgongo wazi kama unavyoitwa, haiendi mbali: mtaani Obunga wanawake huikaanga na kuiuza kwa wasiomudu samaki mzima. Mnyama mmoja ana masoko mawili, moja la ndege na moja la karai, na kila kipande kimepata safari inayolingana na thamani yake.

Mwaka 1909 Mjerumani Alfred Weber aliiandikia kanuni hii kitabu. Malighafi inayopoteza uzito hukivuta kiwanda iliko. Bidhaa inayoongezeka uzito hukivuta sokoni. Kwa aliye na kiwanda kimoja, mambo yanaishia hapo. Lakini kampuni yenye viwanda katika nchi kadhaa, maghala kila mkoa na wateja wasiohesabika hulazimika kulijibu upya swali hilo kila mwaka: kipi kitengenezwe wapi, kipite njia gani, kingoje wapi. Kazi hiyo ina mafundi wake. Kwenye vitambulisho vyao wameandikwa maofisa wa mipango au wa ugavi, na umma hauwajui, kwa kuwa wakiiweza kazi yao hakuna kinachotokea. Bidhaa ipo dukani na lori limefika. Nani atamshukuru mtu kwa sababu hakukosa soda?

Kutazama ufundi wao kwa karibu, historia ya bia ya Afrika Mashariki inatosha. Kenya Breweries ilianzishwa Ruaraka, nje ya Nairobi, mwaka 1922, mwaka ule ule wa Miwani. Baadaye ikawa na kiwanda Mombasa na kingine Kisumu. Kisha hesabu zikadai vifungwe, na bia yake ya nchi nzima ikawa inapikwa Ruaraka. Mtambo mmoja mkubwa unaofanya kazi usiku na mchana hupika lita kwa gharama ndogo kuliko mitambo mitatu inayolala nusu ya wiki. Meneja ni mmoja, maabara moja, stoo ya vipuri moja.

Hesabu hiyo hiyo ilivuka mpaka mwaka 2002. East African Breweries, kampuni mama ya Kenya Breweries, ilikuwa na kiwanda cha Kibo kule Moshi. Washindani wake wa Afrika Kusini, SAB, walikuwa na chao Thika. Kila mmoja alikuwa akipata hasara kwenye uwanja wa mwenzake. Wakakubaliana: cha Moshi kifungwe, cha Thika kifungwe, na kila upande uchukue asilimia 20 ya hisa katika biashara ya mwenzake. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi. Kwa wafanyakazi wa Thika na Moshi ilikuwa barua ya kuachishwa kazi, na fundi wa mipango aliye mkweli hawezi kuusifu upande mmoja akauficha wa pili.

Mbona basi bia ilirudi Kisumu?

Jibu linaanzia kwenye pipa. Mwaka 2004 Kenya Breweries ilitoa Senator, bia ya bei ya chini iliyokusudiwa kumtoa mnywaji kwenye chang'aa, na serikali ikaipunguzia ushuru ili bei hiyo iwezekane. Haiuzwi kwa chupa. Huja kwenye mapipa ya chuma ya lita 50 na kumiminwa kwenye kikombe. Kando ya ziwa watu wakaibandika jina la Obama, kwa kuwa mwana huyo wa baba wa Kogelo alichaguliwa seneta mwaka huo huo. Ilipendwa hasa magharibi ya nchi, yaani mbali na Ruaraka.

Pipa lililojaa lina zaidi ya kilo 60. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni takriban kilomita 350 za barabara isiyo tambarare: lori linateremka ukingo wa Bonde la Ufa, linapimwa kwenye mizani ya Gilgil, linapanda tena hadi nyanda za Kericho, kisha linaporomoka hadi Ahero. Na pipa lazima lirudi. Matandiboi huyabingirisha matupu kwenye lori, na lori linapanda milima yote ile likiwa limebeba chuma na hewa. Kwa bia ya bei ya juu, nauli hiyo humezwa na faida. Kwa bia ya mtu wa kipato kidogo, kila shilingi ya dizeli inaonekana kwenye kikombe.

Hapo ndipo mtama ulipobadilisha ramani. Shayiri ya Kenya inatoka Narok, Timau na sehemu nyingine za baridi, na kimea chake hutengenezwa Nairobi. Ilikuwa sababu nzuri ya kubaki Ruaraka. Senator ilipoanza kupikwa kwa mtama, malighafi ikawa inaweza kutoka Siaya, Homa Bay, Migori na Busia, mlangoni pa mnywaji mwenyewe. Shamba upande huu, soko upande huu, kiwanda kilomita mia kadhaa kule. Mwaka 2017 kampuni, ambayo hisa zake nyingi zilikuwa za Diageo ya London, ilitangaza kuwekeza shilingi bilioni 15 Kisumu. Mwaka 2019 kiwanda kipya kikaanza kazi, hasa kwa ajili ya Senator.

Bilioni 15 zinavutia macho, lakini ufundi wenyewe uko chini zaidi, kwenye ghala la kukusanyia nafaka. Mtama ukiletwa na unyevu mwingi utaota ukungu kabla haujafika kiwandani, na ukungu huleta sumukuvu. Kipimo cha umeme kinaweza kuwa hakipo, na mkulima hawezi kukingoja. Basi huchukuliwa chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kidogo na kiganja cha nafaka, ikatikiswa, ikaachwa itulie. Chumvi ikigandamana ubavuni mwa chupa, gunia linarudi juani. Ikianguka yote chini, linapokewa. Mamilioni ya shilingi yaliyo mbele kwenye mnyororo hulindwa na mama mwenye chupa ya jemu.

Mbegu nayo ina siri yake. Watengenezaji bia hutaka mtama mweupe usio na tanini, maana tanini huharibu ladha na kuusumbua upishi. Lakini tanini ndiyo ukali unaowafanya ndege waukimbie mtama mwekundu wa kienyeji. Mweupe ni mtamu kwa kiwanda na mtamu kwa kwelea. Mwanzoni mwa 2023 kundi kubwa la ndege hao liliyavamia mashamba ya mpunga ya Kisumu hadi serikali ikanyunyiza sumu. Anayepanga tani za mwaka bila kumweka kwelea kwenye daftari atapata mavuno mazuri kwenye kompyuta peke yake.

Kompyuta zenyewe hazidharauliwi hapa. Mwaka 1938 maabara ya shirika la plywood la Leningrad ilimpelekea mwanahisabati Leonid Kantorovich swali: tuna mashine tofauti na mbao za aina tofauti, ipi ikate zipi ili tupate nyingi kuliko zote? Jibu lake lilifungua tawi zima la hisabati. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akabuni namna ya kulitatua swali la aina hiyo hatua kwa hatua, na Tjalling Koopmans, aliyekuwa ameshughulikia safari za meli za mizigo wakati wa vita, akagawana na Kantorovich Nobel ya Uchumi mwaka 1975. Programu ya leo inayomwambia mpangaji ni ghala gani lihudumie Kakamega na lipi Kisii ni kitukuu cha mbao zile.

Chuo cha MIT nacho kilitoa mchezo ambao wanafunzi wa ugavi duniani kote bado huucheza, na bidhaa yake ni bia. Wachezaji wanne, mwenye duka, muuza jumla, msambazaji na kiwanda, huagiziana kwa vikaratasi bila kuzungumza. Mteja anapanda kutoka katoni 4 kwa wiki hadi 8, mara moja tu, kisha hapandi tena. Hiyo yatosha. Mwenye duka anahofu na kuagiza zaidi, wa jumla anaongeza hofu yake juu ya ile ya kwanza, na wiki chache baadaye kiwanda kimezama katika katoni zisizo na mnunuzi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mchezo huu unaonyesha kwamba hata madaftari manne hayatoshi, kama kila mmoja analificha lake.

Yapo pia mambo ambayo daftari huyajua kwa kuchelewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua machafuko, barabara za magharibi zilifungwa, reli iking'olewa Kibera, na Uganda na Rwanda zikapungukiwa na mafuta. Aliyekuwa ameweka kila kitu upande mmoja wa vizuizi alijifunza bei ya akiba aliyoikwepa. Tangu hapo kiwanda cha pili, ambacho kwenye hesabu ya kawaida ni gharama, kimeweza kuandikwa pia kama bima.

Na iko kodi. Mwaka 2013 serikali iliirudishia Senator ushuru wa asilimia 50. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na wakulima waliokuwa wamelima mtama wakakosa wa kuununua. Mwaka 2015 nafuu ilirudishwa, na bila hiyo kiwanda cha Kisumu kisingejengwa.

Tatizo ni kalenda. Mtama wa masika hupandwa kuanzia Machi. Mswada wa Fedha hufika bungeni mwisho wa Aprili, bajeti husomwa Juni, na kwa kawaida ushuru mpya huanza Julai mosi, mashuke yakiwa yamekwisha kutoka. Mpangaji hutia sahihi mikataba ya nafaka kabla hajajua pipa litatozwa nini. Anaweza kuagiza kidogo masika na kuliachia pengo zao la vuli, akijua kwamba mkulima aliyekataliwa Machi huenda Septemba akawa amepanda mahindi. Anaweza kuagiza yote na kulipia ghala. Vyovyote atakavyochagua, uamuzi wake huanza kuota shambani Ugenya na Ndhiwa wiki mbili baada ya mvua, miezi mitatu kabla ya waziri kusimama na mkoba wake Nairobi.