Ufundi wa Kumkabidhi Mgonjwa Mpira wa Mkojo

Katheta, ambayo katika wodi za Tanzania huitwa kwa kawaida mpira wa mkojo, ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, ukazuiwa usichomoke na puto dogo lililo karibu na ncha yake, ambalo mara nyingi hujazwa mililita 10 hivi za maji yaliyotakaswa. Kuuingiza ni kazi ya dakika chache; kumfundisha mzee aliyezibwa mkojo na uvimbe wa tezi dume aishi nao nyumbani, akingoja upasuaji, ni ufundi mwingine kabisa, nao husifiwa kidogo kuliko unavyostahili.

Mwuguzi hodari haanzi na masharti, bali huuliza mgonjwa analala wapi. Kanuni kuu ni kwamba mfuko unaopokea mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, kwa kuwa ukiinuliwa, mkojo uliokwisha kutoka, ambao huenda umeota bakteria, huweza kurudi ulikotoka. Lakini kanuni hiyo, iliyo rahisi kwenye kitanda cha hospitali chenye ndoano ubavuni, humwacha njia panda mtu alalaye kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Aliyepewa sababu pamoja na amri ataazima kitanda au ataongeza godoro la pili, mfuko akauweka kwenye beseni safi kando yake, na ndani ya daladala hataupakata kama mzigo.

Kueleza sababu ndiko pia dawa ya kosa lililo la kawaida mno, yaani kujinyima maji ili mfuko usijae upesi, ilhali mkojo mzito huongeza uchafu unaoganda na kuuziba mpira. Hata choo kigumu kina neno hapa, kwani utumbo uliojaa huweza kukibana kibofu, mkojo ukavujia pembeni, na mgonjwa akadhani mpira umeharibika.

Usafi nao hauhitaji vifaa vya chumba cha upasuaji. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides na wenzake, huko Michigan, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa wanaojiingizia mrija wenyewe mara kadhaa kwa siku na kuutoa waweza kutumia mrija safi tu, usiotakaswa. Na ijapokuwa mpira unaobaki mwilini huingizwa kwa utaratibu mkali zaidi, matunzo yake ya kila siku ni maji, sabuni na mikono iliyonawiwa.

Ugumu ulio mkubwa zaidi ni wa sitara. Mzee anayeona haya mbele ya binti yake hatauliza lolote akiwapo, na Mwislamu wa pwani huenda akaacha sala akijiona najisi, ingawa fiqhi ya Kishafii ina hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, ambaye hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Mwuguzi si mufti, lakini ajuaye jambo hili humwelekeza mgonjwa kwa shehe wake badala ya kunyamaza.

Mwisho humwachia mgonjwa mwenyewe afungue koki, amwage mkojo kabla mfuko haujajaa, kisha aseme kwa maneno yake ni lini atakimbilia hospitali hata usiku: tumbo la chini likivimba na mkojo ukakoma, homa ikija na baridi kali, au damu ikitoka kwa mabonge. Akikosea, hafokewi, huanza tena tangu koki.