Waliohesabiwa na Wasiohesabiwa

Katika Vita vya Majimaji, vilivyoanza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, Wajerumani walipoteza Wazungu 15 na askari wa Kiafrika 389. Kwa wananchi wa kusini, serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000. Baadaye mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Mwalimu hodari wa historia huziandika namba hizo ubaoni, akaweka chaki chini na kuuliza: kwa nini hawa wamehesabiwa hadi mtu wa mwisho, na wale wanatajwa kwa maelfu ya jumla jumla?

Darasa hunyamaza kwanza. Wamezoea kumiminiwa sababu za vita, kodi, pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida, wazikariri na kuzimwaga kwenye mtihani. Kisha anajitokeza mmoja: askari alikuwa na jina kwenye daftari la mshahara. Mwingine anauliza, aliyekufa kwa njaa porini baada ya bunduki kunyamaza, anaandikwa wapi? Ameshika penyewe. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Anayewahesabu walioanguka vitani tu anapata idadi moja. Anayewahesabu na wa njaa anapata nyingine. Kijana aliyekuwa akingoja aambiwe ipi ndiyo ya mtihani sasa analazimika kupima mwenyewe nani kahesabu na kahesabu nini.

Naistahi sana kazi hii. Hufanyika ndani ya kipindi cha dakika 40, muhtasari wa somo ukimkimbiza mwalimu, na wakati mwingine kwa Kiingereza, mbele ya mtoto ambaye habari za vita hivyo kwao zinasimuliwa kwa Kimatumbi au Kingoni. Kuliongoza darasa la namna hiyo mpaka libishane kwa ushahidi ni ufundi mkubwa, na ubishi wenyewe una uzito hata leo. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, mji wenye jina la Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha. Mwanafunzi aliyefundwa vizuri anaweza kuuliza: msamaha huo unawagusa wangapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Idara ya Historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini wakawahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka Majimaji. Bila safari zile tungebaki na maandishi ya waliotushinda, na ya wamisionari. Wazee hao hawapo tena. Lakini waliohamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 bado tunao, na walimu wazuri huwatuma wanafunzi kwao, kila mmoja na daftari lake.

Basi mjukuu akija kukuuliza mlikuwa mkiishi wapi kabla ya kuhamishwa, nani aliwaamuru na nyumba mliiachaje, usimwambie hayo yamepita. Keti naye umjibu, na usilolikumbuka mwambie hulikumbuki, ili naye aliandike hivyo hivyo.